Nani Ameshika Mizani?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi waliokutana Vudee)



Mada niliyopewa ni usawa katika jamii, na mabadiliko ya mfumo yanayohitajika ili tuufikie. Nilipoisoma katika barua ya mwaliko niliona kwamba ni mada ya watu wa Chuo Kikuu. Nikamwendea katibu mmoja mstaafu, mtu aliyezeeka katika kazi hii, nikamwuliza yeye analielewaje neno "mfumo". Akanijibu: "Mfumo ni ile mizani pale ghalani, na yule aliyeishika. Mengine utaongeza mwenyewe." Basi haya nitakayoyasema ni nyongeza tu ya maneno ya mzee huyo.

Leo asubuhi nimepanda kuja huku kutoka Makanya, nikapitia Bangalala. Kila aijuaye njia hii anafahamu kwamba mpandaji husafiri kinyume cha maji. Maji yanayowafikia ndugu zetu wa Bangalala, na masalio yanayowafikia wa Makanya kule tambarare, yamepita kwanza mikononi mwenu. Aliye juu ana nguvu ambayo hakuinunua wala hakuitolea jasho, amezaliwa nayo. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na kama hapo ndipo ingekoma busara ya Wapare, watu wa chini wangekuwa wamekwisha kuhama siku nyingi.

Hawakuhama kwa sababu wazee walitunga utaratibu. Ninyi mnaoishi na ndiva hamhitaji kuelezwa, lakini taarifa hii itasomwa pia na vyama vya mbali, kwa hiyo naomba mnivumilie. Wakati wa kiangazi kijito huwa chembamba. Ukikiacha kitiririke katika mfereji, udongo utakinywa kabla hakijafika shamba la mwisho. Ndiva, yaani bwawa dogo la udongo na mawe lililojengwa kwenye mfereji, huyakusanya maji yale machache usiku kucha. Asubuhi mlango hufunguliwa, nayo hutoka kwa nguvu na kufika mbali. Na katika baadhi ya mito yetu ya huku pako makubaliano ya tangu zamani: mchana ni wa watu wa juu, na usiku maji huachiwa yateremke yakajaze ndiva za watu wa chini.

Nalikazia jambo hili kwa sababu mara nyingi tukitaja usawa huanza kuhubiri wema. Tunamwomba mwenye nacho awe na huruma, na kiongozi awe mwaminifu. Maombi hayo si mabaya. Lakini waliogawana mchana na usiku hawakuuliza kama mtu wa juu ni mwema au ni mchoyo. Walimpa mchana, wakamnyima usiku, na mtu wa chini akapata maji hata katika mwaka ambao jirani yake wa juu alikuwa mchoyo. Hayo ndiyo ninayoyaita mabadiliko ya mfumo: kuupanga ugawaji wenyewe upya, hata mnyonge asiwe na haja ya kumwomba mtu.

Hata hivyo tusiwapambe wazee kupita kiasi. Ndiva nyingi zilianzishwa na koo, na ukoo uliochimba ndio uliokuwa na neno. Aliyehamia baadaye alingoja. Mwanamke asiyekuwa na mume wala kaka wa kumsemea barazani alingoja zaidi. Siku hizi zamu hupangwa na kamati zilizochaguliwa, na hayo ni maendeleo. Lakini kila mmoja wetu anajua kwamba katika mwezi wa shida, maji yakiwa ya mashamba kumi na waombaji wakiwa thelathini, anayepanga zamu huwa na ndugu wengi ghafla. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Sasa nataka tuteremke kidogo hadi Same, turudi nyuma hadi miaka ya Vita ya Pili ya Dunia. Wazee wetu walilipa kodi iliyokuwa sawa kwa wote, tajiri na maskini. Kisha wakuu wa Upare, wakishirikiana na serikali ya kikoloni, wakaleta kodi mpya waliyoiita mbiru, jina la ushuru wa kale. Kodi hiyo ilipandishwa na kushushwa kwa kadiri ya mali ya mtu. Mwenye ng'ombe wengi na shamba kubwa alipe zaidi, mwenye kidogo alipe kidogo. Natumaini mnaona ugumu wa habari hii. Kwa maandishi, mbiru ilikuwa kodi ya usawa kuliko ile iliyotangulia! Mtu yeyote anayependa haki angeiunga mkono. Lakini Wapare waliikataa. Mapema mwaka 1945 maelfu walishuka kutoka milimani wakapiga kambi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa wakidai ifutwe. Paulo Mashambo alikuwa mmoja wa viongozi wao. Na mwaka 1946 wanawake wa Usangi, waliochoka kubaki peke yao na mashamba na watoto wakati waume zao wako Same, walimkabili mkuu wa wilaya mzungu wakamwambia amalize shauri hilo waume zao warudi. La sivyo awe yeye mume wao wote na kuwapa mimba. Hatimaye kodi ile ilifutwa.

Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliandika historia ya mgogoro huo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1971, na ningependa kila chama kiwe na nakala yake ofisini. Wazee hawakugoma kwa sababu ya ubahili. Walikuwa tayari kulipa kiasi kikubwa zaidi kilicho sawa kwa wote. Kilichowakera kilikuwa kukadiriwa. Nani atahesabu ng'ombe? Nani atasema shamba hili lina thamani hii? Ni mkuu na makarani wake, watu ambao mwananchi hakuwachagua na hakuweza kuwahoji. Adui wa mkuu angekadiriwa tajiri, na mkwe wa mkuu angekadiriwa maskini. Wazee walitambua kwamba sheria nzuri ikiwekwa katika mkono usioulizwa huzaa dhuluma mpya, tena dhuluma yenye sura ya haki.

Mzee wangu katibu angesema: walitaka kujua nani ameshika mizani.

Mizani yenyewe, ile ya chuma, ina historia yake katika nchi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma, wakiwemo wenzake Paul Bomani, walichoshwa na wanunuzi waliowapunja katika kupima. Hawakuanza kwa kudai viwanda. Walianza kwa kuweka watu wao wenyewe pale pamba inapopimwa, wasome na waandike uzito wa kweli. Kutokana na mbegu hiyo ndogo vyama vikaongezeka, na kufika mwaka 1955 walikuwa wameunda Shirikisho la Victoria, ambalo baadaye lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika. Jirani zetu wa Kilimanjaro walikuwa wametangulia: walianzisha chama chao cha wapanda kahawa mwaka 1925, na KNCU ikaandikishwa mwaka 1933 baada ya Sheria ya Ushirika ya mwaka 1932. Kanuni ambayo wote hao waliifuata ilitoka mbali, kwa wafumaji wa nguo wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwezi Desemba 1844: mtu mmoja, kura moja, hata kama mwenziwe ana hisa mara kumi zaidi. Tumeizoea kanuni hiyo hata hatuioni uzito wake. Katika kampuni, fedha ndiyo inayopiga kura. Katika chama cha ushirika, mwenye miche mia mbili ya kahawa na mwenye miche elfu mbili wananyoosha mkono mmoja mmoja.

Hapo ndipo penye mfumo mwingine wa jamii, nao hatujausoma vitabuni tu. Tunao ghalani, ingawa una vumbi.

Vumbi lilianzaje? Nitalieleza kwa ufupi, maana wengi mliyaona. Mwaka 1966 Serikali iliunda tume ya kuchunguza vyama, ikakuta wizi, watumishi wasiofaa, siasa ndani ya kamati, na wanachama wasioelewa haki zao. Azimio la Arusha likatangazwa mwezi Februari 1967, likawataka viongozi waache kupangisha nyumba, kuwa na hisa katika makampuni na kupokea mishahara miwili. Azimio lile lilitambua, kama wazee wa ndiva, kwamba hatuwezi kutegemea wema wa mtu peke yake, tuweke miiko. (Miiko hiyo ililegezwa kule Zanzibar mwaka 1991, na kila mmoja ana maoni yake juu ya kilichofuata.) Kisha, mwezi Mei 1976, vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa kwa amri. Kijiji kikafanywa ndicho chama, na mamlaka za mazao zikanunua moja kwa moja. Nia iliyotangazwa ilikuwa usawa na kupunguza gharama. Lakini mizani iliondoka mikononi mwa mkulima ikaenda kwa mtumishi wa mbali, na mkulima akangoja malipo asijue amwulize nani. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuvivunja lilikuwa kosa. Mimi ni mmoja wa wanaomheshimu Mwalimu kwa moyo wote, na kwa ajili hiyo nasema bila woga: mabadiliko ya mwaka 1976 yalikuwa ya mfumo kweli, makubwa kuliko yote tuliyoyaona, lakini yalifanywa bila wanachama. Wazee wa mbiru wangeweza kuyatabiri matokeo.

Ndugu Mwenyekiti, hadi hapa nimewalaumu wakoloni, wakuu na Serikali, na nimeona wengi mkitikisa vichwa kwa kukubali. Sasa naomba ruhusa nije kwetu.

Mama yangu alikuwa mkulima wa kahawa. Alipalilia, akachuma, akamenya, akaosha, akaanika kichanjani, na siku ya mauzo alijitwika gunia kichwani nami nikimfuata na kikapu. Karani alipima, akaandika stakabadhi, na juu ya stakabadhi aliandika jina la baba. Hapakuwa na ubaya wowote. Ndivyo lilivyokuwa daftari. Mwaka ule baba alipofariki, mama alikuwa amekwisha kupeleka kahawa ya msimu. Malipo ya pili yalipokuja alikwenda chamani na stakabadhi zote zikiwa zimefungwa katika kitambaa. Akaambiwa mwanachama amefariki, na mrithi aliyeandikwa ni ndugu wa marehemu. Baba mdogo alipokea fedha zile. Sitasema alizifanyia nini. Amekwisha kufa naye, na alikuwa na shida zake. Chama kile sitakitaja, na katibu wake alikuwa mtu mwaminifu asiyeiba hata senti. Nataka mlishike hilo: hakuna aliyeiba. Kila mmoja alifuata daftari. Mizani ilisema kweli, karani aliandika kweli, na mwisho wa yote mtu aliyeibeba kahawa ile alirudi nyumbani mikono mitupu.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi. Ningeweza kusema baba mdogo angekuwa mwema zaidi. Lakini chama hakikuwa na njia yoyote ya kumwona mama yangu. Katika daftari hakuwapo, na asiyekuwapo na lake halipo.

Wale wafumaji wa Rochdale walikuwa maskini na hawakuwa malaika, lakini tangu miaka yao ya kwanza walimkubali mwanamke kuwa mwanachama kwa jina lake mwenyewe. Katika Uingereza ya siku zile mke hakuwa na haki ya kumiliki mali yake. Sheria iliyompa haki hiyo kamili ilikuja mwaka 1882. Chama kilitangulia sheria ya nchi kwa karibu miaka arobaini. Sisi tumefanya kinyume: sheria imetutangulia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili, na baraza la ardhi la kijiji la watu saba halina budi kuwa na wanawake watatu. Misingi ya ushirika iliyotangazwa Manchester mwaka 1995 na Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani inakataza ubaguzi wa jinsia katika uanachama. Makatibu mnayo maneno hayo kabatini. Nawauliza, kwa heshima, katika madaftari yenu ni akina mama wangapi walioandikwa kabla hawajawa wajane?

Najua jibu litakalotolewa, kwa sababu nimelisikia katika mikutano mitatu. "Shamba ni la ukoo. Tukimwandikisha mke, kesho atauza shamba la watu." Hofu hiyo si ya kuchekwa, ardhi ya milima hii ni finyu na ukoo umeilinda kwa vizazi vingi. Lakini daftari la chama si hati ya ardhi. Linaandika nani ameleta kahawa na nani alipwe. Mume na mke wakiandikwa wote wawili, kila mmoja na kitabu chake, hakuna mche hata mmoja uliohama ukoo. Kilichohama ni stakabadhi. Na wapo watakaosema kwamba fedha zikigawanywa nyumba itavunjika. Mimi nimeona nyumba zilizovunjika kwa sababu fedha zote zilishikwa na mmoja, aliyeishia nazo njiani kabla ya kufika nyumbani siku ya malipo. Mnacheka, lakini mnawajua.

Nirudi kwenye maji nimalizie. Mwaka 1991 iliundwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua vibali na jumuiya za watumia maji. Mambo hayo ni mema, lakini yameuhamisha ugawaji kutoka mdomoni kwenda kwenye karatasi, na karatasi inampenda anayejua kusoma na mwenye nauli ya kwenda Moshi. Makubaliano ya mchana na usiku hayakuandikwa. Yaliishi katika kumbukumbu ya wazee. Sasa mashamba yameongezeka, mabomba ya mpira yamefika, na mtu wa juu anaweza kuyavuta maji hata saa sita za usiku bila kuonekana. Kama makubaliano yale hayataandikwa na watu wa Vudee na wa Bangalala wakiwa wamekaa pamoja, na akina mama wanaomwagilia wakiwa barazani na si jikoni, yatakufa pamoja na wazee wetu, na hakuna atakayeweza kumwonyesha mtu mahali palipovunjwa ahadi.

Mapendekezo yangu ni machache, nami nayaweka mezani ili yajadiliwe leo, yakataliwe au yapelekwe katika mikutano mikuu ya vyama. Kwanza, stakabadhi iandikwe jina la aliyeleta mazao, na nyumba yenye wakulima wawili iwe na wanachama wawili. Ada ya kiingilio isiwe kikwazo: iruhusiwe kukatwa katika mauzo ya msimu wa kwanza. Pili, kabla ya kila msimu mizani ipimwe mbele ya wanachama kwa jiwe la uzito unaojulikana, na wanachama wawili wasio wa kamati wakae karibu na karani kila siku ya mapokezi, kwa zamu, kama walivyofanya watu wa Usukuma. Hilo si kumtuhumu karani. Karani mwaminifu hulifurahia. Tatu, hesabu za msimu zibandikwe ukutani kwa Kiswahili chepesi, na si zisomwe tu mara moja mkutanoni wakati watu wamechoka na chakula kinanukia. Na zamu za maji ziandikwe katika daftari lao, liwekwe chamani, lisomwe na yeyote.

Katibu mmoja ameniuliza asubuhi hii kama mambo haya hayatamwongezea kazi. Yatamwongezea. Msaragambo wa kusafisha mfereji nao huongeza kazi, lakini anayeukwepa hatuachi kumwuliza.

Nilikuwa na maneno mengine juu ya mnada wa kahawa na juu ya agizo la mwaka 2018 la kuuza kupitia vyama vya msingi, lakini Ndugu Mwenyekiti ameniletea kikaratasi. Anasema ndiva inafunguliwa saa nane na baadhi ya wanachama waliomo humu ndani wana zamu leo. Nakaa, ili waulize maswali wao kwanza, kabla hawajaondoka.